Mwendesha Mashtaka wa Jumapili Usiku

Tarehe 31 Januari 1965, saa tatu usiku kwa saa za New York, shirika la utangazaji la CBS lilianza kurusha tamthilia mpya ya mahakamani iitwayo For the People. Mhusika mkuu, David Koster, alikuwa mwendesha mashtaka kijana wa Manhattan, mwenye hasira za karibu na imani kwamba sheria ikisimamiwa vizuri humlinda mnyonge. Aliyemwigiza ni William Shatner, Mkanada mzaliwa wa Montreal, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 33 na jina lililoanza kujulikana. Kufikia Mei mwaka huohuo mambo yalikuwa yamekwisha. Zilionyeshwa sehemu 13 tu, zote kwa picha nyeusi na nyeupe.

Tamthilia nyingi hufa kwa sababu ni mbovu. Hii haikuwa mbovu. Iliwekwa mahali pa kufia.

Ili kuona ilichojaribu kufanya, ni lazima kwanza kumtazama Perry Mason. Tangu 1957 mamilioni ya Wamarekani waliijua mahakama kupitia wakili huyo wa CBS, aliyeigizwa na Raymond Burr. Kila wiki mtu asiye na hatia alishtakiwa kwa mauaji, na kila wiki Mason alimbana shahidi kwa maswali hadi muuaji halisi akajulikana mbele ya jaji. Upande wa pili alisimama Hamilton Burger, mwendesha mashtaka aliyeigizwa na William Talman, akishindwa mwaka nenda mwaka rudi. Watazamaji walizoea kumwona mtu wa serikali kama kikwazo ambacho shujaa hana budi kukivuka. Kwamba naye anaweza kuwa na dhamiri, kukosa usingizi na kubishana na mkubwa wake kuhusu haki ya mshtakiwa, hilo runinga ilikuwa haijalisemea sana.

Aliyelisemea ni mtayarishaji Herbert Brodkin. Alitoka katika kizazi cha New York kilichokuza tamthilia za moja kwa moja miaka ya 1950, wakati waigizaji wa jukwaani walipoigiza studioni bila nafasi ya kurudia kosa. Mwaka 1957, katika mfululizo wa Studio One, Brodkin alitoa mchezo wa sehemu mbili ulioandikwa na Reginald Rose kuhusu mawakili wawili, baba na mwana, wanaomtetea kijana anayeshtakiwa kwa mauaji. Baba alikuwa Ralph Bellamy, mwana alikuwa Shatner, na mshtakiwa alikuwa Steve McQueen ambaye bado hakuwa nyota. Mchezo huo ulizaa The Defenders, iliyoanza 1961 ikiwa na E. G. Marshall kama baba. Nafasi ya mwana ilikwenda kwa Robert Reed.

The Defenders ilithubutu kweli. Mwaka 1962 ilionyesha sehemu iliyomtetea daktari anayetoa mimba, jambo lililokuwa jinai, na wadhamini wa kawaida wakajitoa. Kampuni ya mikanda ya saa, Speidel, ikaingia kuziba pengo. Mwaka 1964 ikaeleza kisa cha mwigizaji aliyenyimwa kazi kwa sababu jina lake liliingia katika orodha ya watu wanaoshukiwa kuwa wakomunisti, na Jack Klugman akapata tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo. Kwa hiyo Brodkin alipoamua kuhamia upande wa pili wa chumba cha mahakama, hakwenda huko kuwapigia makofi polisi. Alikwenda na maswali yaleyale.

Jina la tamthilia lenyewe linabeba swali mojawapo. Mashauri ya jinai ya New York hufunguliwa kwa jina la wananchi wa jimbo hilo, kama mashauri ya Dar es Salaam au Nairobi yanavyofunguliwa kwa jina la Jamhuri. Mwendesha mashtaka anaposimama hasimami kwa niaba ya polisi, wala ya aliyeibiwa. Anasimama kwa niaba ya umma, na mshtakiwa naye ni mmoja wa umma huo.

Wazo hilo lina historia yake mahakamani. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokea rufaa ya mtu aliyetiwa hatiani New York katika kesi ya noti bandia. Wakili wa serikali alikuwa amewadhalilisha mashahidi, akawasingizia maneno ambayo hawakuyatamka, na kulidokezea jopo la raia waamuzi mambo yasiyo na ushahidi. Hukumu ilitenguliwa. Jaji George Sutherland, katika uamuzi ambao wanafunzi wa sheria bado huusoma, alieleza kwamba kazi ya wakili wa serikali si kushinda kesi bali kuona haki inatendeka: apige kwa nguvu akitaka, lakini asipige kwa hila. Sehemu mojawapo ya For the People ilipewa kichwa chenye wazo hilohilo, kwamba mwenye hatia asiponyoke na asiye na hatia asiumie. Kwa hakika kazi ya Koster yote imekaa humo. Ni mtu anayetaka sana kushinda, na anayetakiwa kila wiki kujiuliza anashinda kwa njia gani.

Wakati wenyewe ulilitaka swali hilo. Machi 1963, katika shauri la Clarence Earl Gideon, mfungwa wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo linalomshtaki maskini kwa kosa kubwa lazima limpe wakili. Juni 1964, katika shauri la Escobedo kutoka Chicago, ikakataa maungamo ya mtu aliyezuiwa kumwona wakili wake huku polisi wakimhoji. Uamuzi wa Miranda, ule unaowalazimu polisi kumweleza mtuhumiwa haki yake ya kunyamaza, ulikuwa bado mwaka mmoja mbele. Kazi ya mwendesha mashtaka ilikuwa inabadilika miguuni pake, na Koster alitumbukizwa katikati ya mabadiliko hayo.

Mtu aliyemtuliza alikuwa mkubwa wake wa kazi, Anthony Celese. Chaguo la mwigizaji wa nafasi hiyo lina uzito kuliko jambo jingine lolote katika historia ya tamthilia hii. Howard Da Silva alikuwa ameng'ara Broadway mwaka 1943 akiwa Jud Fry katika Oklahoma!, kisha akafanya filamu nyingi Hollywood. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikisaka wakomunisti, akakataa kujibu akiegemea haki yake ya kikatiba. Adhabu haikuchelewa. Alikuwa ameshaigiza filamu ya Slaughter Trail. Studio ya RKO ikaondoa picha zake na kuzipiga upya kwa kumtumia Brian Donlevy. Kwa takriban miaka kumi hakuonekana katika filamu za Hollywood, na njia yake ya kurudi ilifunguka na David and Lisa ya 1962. Sasa mtu huyo, aliyeonja jinsi dola inavyoweza kumwandama raia bila kumpeleka mahakamani, anaketi katika ofisi ya waendesha mashtaka na kumfundisha kijana kwamba mamlaka ya kushtaki lazima yashikwe kwa uangalifu. Brodkin hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametoa sehemu ile iliyompa Klugman tuzo.

Nyumbani, Koster alikuwa na mke aitwaye Phyllis, mpiga viola katika kundi la wanamuziki wanne wa nyuzi. Aliigizwa na Jessica Walter, aliyekuwa na miaka 24 tu. Mke mwenye kazi yake ya sanaa, asiyesubiri mlangoni na chakula cha jioni, hakuwa jambo la kila siku katika runinga ya 1965.

Kazi hii yote ilipewa Jumapili, saa tatu usiku. Saa hiyohiyo NBC ilikuwa inaonyesha Bonanza, hadithi ya mzee Cartwright na wanawe katika ranchi ya Ponderosa, na msimu huo wa 1964 na 1965 hakuna kipindi Marekani nzima kilichotazamwa kuliko hicho. Tena Bonanza ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza mwaka 1959. Kampuni mama ya NBC, RCA, ilitengeneza na kuuza runinga za rangi, na milima ya kijani ya Nevada ilikuwa tangazo lake la kila juma. Nyumba zenye runinga hizo zilikuwa bado chache, lakini upepo ulikuwa umeshageuka. Dhidi ya farasi na anga la bluu, CBS ilisimamisha mabishano ya kisheria katika korido za kijivu za Manhattan.

Anayetaka kuilaumu For the People kwa kukosa watazamaji aangalie ni nani wengine walioangukia shimo hilo. Msimu mmoja kabla, saa ileile na siku ileile, CBS ilimweka Judy Garland, mmoja wa waimbaji waliopendwa sana nchini humo. Kipindi chake kilizimwa Machi 1964 baada ya sehemu 26. Vuli ya 1965, miezi michache baada ya Koster kuondoka, CBS ilimhamishia hapo Perry Mason mwenyewe, mfalme wa mahakama za runinga. Mei 1966 naye alikuwa amekwisha, baada ya misimu tisa na sehemu 271, moja tu kati ya hizo ikiwa ya rangi. Kama Mason, aliyeshinda karibu kila kesi, hakuweza kuishinda saa tatu ya Jumapili, mgeni wa miezi mitatu angewezaje? Bonanza ilikuja kupata mshindani wa kweli mwaka 1967, nao hawakuwa wanasheria bali ndugu wawili wa nyimbo na vichekesho, Tom na Dick Smothers.

Ndani ya CBS nako hakukuwa na mtu wa kuitetea. Rais wa mtandao huo, James Aubrey, aliyejipatia sifa kwa vichekesho vya watu wa mashambani kama The Beverly Hillbillies, alifukuzwa kazi mwishoni mwa Februari 1965, tamthilia ikiwa na wiki nne tu hewani. Katika majira hayohayo The Defenders ilifungwa, na The Nurses, kazi nyingine ya Brodkin, ikafungwa pia. Runinga ya kujadili, ya kijivu na ya New York, iliondoshwa kwa mkupuo. The Trials of O'Brien, ambamo Peter Falk alikuwa wakili mjanja mpenda kamari, ilijaribu vuli ile na kukoma baada ya sehemu 22.

Shatner hakukaa bila kazi. Julai 1965 alikuwa tayari anapiga picha za jaribio la pili la Star Trek, tamthilia ya meli ya anga za juu, kwa sababu Jeffrey Hunter, nahodha wa jaribio la kwanza, hakurudi. Kama Koster angepewa msimu wa pili, Shatner asingekuwa huru. Katika meli hiyo ya anga alikutana na Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba Uhuru, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, na jina la mhusika likatoka hapo. Katika sehemu ya kwanza iliyorushwa, Septemba 1966, kiumbe anayejigeuza sura anamsemesha Uhura kwa Kiswahili.

Da Silva alipata heshima kubwa zaidi akiwa Benjamin Franklin katika mchezo uitwao 1776, Broadway na kisha katika filamu. Brodkin aliendelea na mambo mazito, na mwaka 1978 kampuni yake ilitoa tamthilia ya Holocaust. Shatner alirudi mahakamani akiwa mzee, kama wakili Denny Crane wa Boston Legal. Mwaka 2007 kipindi hicho kilichomeka vipande vya mchezo ule wa 1957, ili Crane wa leo atazamane na kijana aliyekuwa yeye.

Mwendesha mashtaka wa Manhattan mwenyewe alingoja miaka 25. Septemba 1990 Law & Order ilianza, ikipigwa picha katika mitaa ya New York, na ofisini mwake aliketi mkubwa mwenye busara nzito, Adam Schiff, aliyeigizwa na Steven Hill, akiwazuia vijana wake wasikimbilie ushindi. Ilidumu misimu 20 kabla ya kusimama mwaka 2010, kisha ikafufuliwa 2022. Ilirushwa na NBC.