Kiharusi cha Watoto: Miaka Mia ya Kutafuta Namna ya Kukitangulia

Kwa muda mrefu kiharusi kilihesabiwa kuwa maradhi ya watu wazima, yanayoandamana na presha na kisukari. Mtoto aliyeamka upande mmoja wa mwili umelegea na mdomo umepinda aliwaacha wazazi wakihisi karogwa, na waganga wa hospitali wakikosa la kuwaambia. Lakini historia ya utafiti kuhusu watoto wenye selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita sikoseli, inathibitisha jambo zito: hatari ya kiharusi kwa watoto hawa hupimika kabla hakijawapiga, na ikigunduliwa mapema hupunguzwa sana. Kuendelea kukiita majaliwa ni kuyatupa maarifa yaliyopatikana kwa gharama kubwa.

Mwaka 1910, Dkt. James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu kijana kutoka Grenada ambaye seli nyekundu za damu yake zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa chanzo ni himoglobini yenyewe, iliyo tofauti na ya watu wengine. Seli hizo ngumu, pamoja na upungufu wa damu, huumiza kuta za ateri kubwa zinazolisha ubongo. Kuta hunenepa na njia hubana, hadi sehemu ya ubongo inakosa damu. Mwaka 1998, Kwaku Ohene-Frempong, daktari Mghana aliyefanya kazi Philadelphia, na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 nchini Marekani: takriban asilimia 11 ya wenye aina kali ya selimundu hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Njia iliyobana huilazimisha damu kwenda kasi, na hapo ndipo watafiti walipopata mlango. Mwaka 1982, Rune Aaslid na wenzake walionyesha kuwa mawimbi ya sauti yanaweza kupita kwenye mfupa mwembamba wa panja na kupima kasi ya damu ndani ya ubongo, bila sindano wala kisu. Miaka 10 baadaye, Robert Adams na wenzake kule Georgia, Marekani, waligundua kuwa watoto wenye kasi kubwa ndio waliokuwa wakipatwa na kiharusi. Kisha wakawachukua watoto 130 wenye kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi; baadhi wakaongezewa damu mara kwa mara, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Waliobaki na huduma ya kawaida walipata viharusi 11, walioongezewa damu kimoja tu. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa kuendelea kuwanyima wengine damu kusingekuwa haki.

Wapo wanaosema ubongo wa mtoto bado unakua, hivyo utajiponya. Ni kweli kwamba mtoto anaweza kurudi kutembea, lakini kutembea si kipimo cha kupona. Picha za ubongo zimefichua viharusi vya kimya, makovu yasiyopoozesha kiungo chochote lakini yanayodhoofisha umakini na uwezo wa kujifunza. Mtoto wa namna hiyo huitwa mvivu darasani, kumbe ni mgonjwa. Kiharusi cha kwanza pia hufungua njia kwa cha pili, na ndiyo maana kukinga kuna thamani kuliko kutibu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la uwezo. Damu salama ni haba katika hospitali zetu, kuongezewa kila mwezi hurundika madini ya chuma mwilini, na utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kuacha hurudisha hatari. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu hadi vidonge vya haidroksiyurea vilipojaribiwa. Kaskazini mwa Nigeria, watoto wenye kasi ya hatari waliopewa dawa hiyo walipata viharusi vichache kuliko inavyotarajiwa kwa wasiotibiwa. Wapo pia wanaosema malaria ndiyo iangaliwe kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa baada ya kuanza haidroksiyurea, maumivu, malaria na vifo vyote vilipungua. Kidonge kimoja, basi, kinagusa hatari zaidi ya moja.

Tanzania nayo haianzii sifuri. Tangu 2004 Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, na Bugando, Mwanza, wamekwishapima kasi ya damu kwa watoto na kuwapa dawa wenye hatari. Kilichobaki ni kuyatoa maarifa hayo kwenye miradi ya utafiti na kuyafanya huduma ya kawaida: mtoto apimwe selimundu akizaliwa, apimwe kasi ya damu kila mwaka kuanzia umri wa miaka miwili, na dawa ipatikane hadi hospitali ya wilaya, kwa bei ambayo mzazi ataimudu mwezi baada ya mwezi. Sayansi imekwisha kutimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni ya bajeti, na bajeti hupangwa na watu.