Wazee wa Kanisa la Uskoti na Mgawanyiko wa 1843

Jina la Wapresbiteri latokana na neno la Kiyunani presbuteros, yaani mzee. Wala si umri unaokusudiwa, bali cheo. Kwao hakuna askofu: mchungaji na wazee huketi baraza moja na kuamua pamoja, kwa imani kwamba Kristo peke yake ndiye kichwa cha Kanisa.

Imani hiyo ilijaribiwa huko Uskoti, ambako sheria ya 1712 iliwapa mabwana wenye ardhi haki ya kuwateulia washirika mchungaji, hata wasiyemtaka. Tarehe 18 Mei 1843 wachungaji wengi waliutoka mkutano mkuu mjini Edinburgh. Waliojitenga walizidi 450, nao wakaacha nyumba na mishahara.

Kule Strontian, mwenye ardhi aliwanyima kiwanja; hivyo likaundwa kanisa la kuelea, likatiwa nanga katika Loch Sunart mwaka 1846. Humo ziliimbwa Zaburi pasipo kinanda, na Neno likahubiriwa kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, jambo ambalo wanahistoria hulitaja kwa haraka mno. Haki ya mabwana ilifutwa 1874.