Nani Alimpa Uhura Jina la Nyota?

Kila Kiswahili kinapotajwa pamoja na Star Trek, dai moja hurudi: kwamba Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia hiyo ya televisheni ya Marekani, alimwita ofisa wake wa mawasiliano Nyota Uhura tangu siku ya kwanza, akichota maneno mawili ya Kiswahili kwa makusudi. Ni dai tamu, hasa kwetu sisi wenye lugha. Lakini si kweli. Katika vipindi vyote 79 vilivyorushwa kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 3, 1969, Uhura hana jina la kwanza. Ni Luteni Uhura, basi. Jina la Nyota lilichapishwa mwaka 1982, kitabuni, na aliyeliandika hakuwa mtu wa studio. Alikuwa shabiki.

Neno hilo, shabiki, lina historia ndefu katika hadithi za kubuni za kisayansi, na sehemu kubwa yake imeshaandikwa mara nyingi. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories, akawa anachapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Mwaka 1930 kundi la Chicago likatoa kijarida chake, The Comet. Julai 1939 mashabiki wapatao 200 wakakutana New York kwa mkutano walioupa cheo cha dunia, na vijana sita wakazuiwa mlangoni kwa sababu ya ugomvi wa makundi. Ugomvi ule umechambuliwa kupita thamani yake. Mimi najali zaidi vile vijarida.

Aliyesoma katika shule zetu enzi za stensili atakielewa kijarida cha shabiki bila maelezo mengi. Unaondoa utepe kwenye taipureta ili herufi zikate nta ya stensili moja kwa moja. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha unaivisha stensili kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, karatasi zinatoka zikinuka wino. Mwisho watu wanaizunguka meza wakiokota kurasa moja moja na kuzibana pini. Hakuna aliyelipwa. Kilichomo ni mabishano: kitabu gani ni bora, mwandishi gani amechuja, chombo cha angani kinawezaje kupita kasi ya mwanga. Pembezoni mwa kurasa kulikuwa na michoro ya mashabiki wenyewe, na miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo William Rotsler, ambaye kwa miongo kadhaa aligawa michoro yake kwa vijarida bila kudai senti. Baadaye alipata tuzo ya Hugo ya mchoraji shabiki zaidi ya mara moja.

Star Trek ilipokuja, mashabiki wa vitabu hawakuipokea wote kwa moyo mmoja. Wapo walioona televisheni ni duni, na wapo wanaolirudia neno hilo hadi leo. Siwapi nafasi ndefu, kwa sababu matukio yaliwajibu. Mwaka 1967 Devra Langsam na Sherna Comerford walitoa Spockanalia, kijarida cha kwanza cha tamthilia hiyo, na wanawake wengi wakafuata njia hiyo. Zilipoenea habari kwamba kituo cha NBC kinataka kuifuta tamthilia, Bjo Trimble na mumewe John walikusanya anwani za mashabiki wa vitabu na kuwaandikia. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: waombe watu kumi waandike barua, na kila mmoja wao awaombe kumi wengine. Tena barua za kunakili hazikutakiwa. Kila mtu aandike kwa maneno yake mwenyewe. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku hadi ofisi za NBC wakiwa na mienge. Tarehe 1 Machi kituo kilitangaza hewani kwamba tamthilia itaendelea. Simulizi za baadaye zilikuza hesabu ya barua hadi milioni moja. Hesabu ya NBC ilikuwa kama 116,000, na hiyo inatosha kabisa. Haina haja ya kutiwa chumvi.

Sasa turudi kwenye jina. Uhura lenyewe lina asili inayotugusa. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962. Roddenberry alilipenda neno, ila aliliona kali mno kwa mwanamke, ndipo likalainishwa kwa kubadili irabu ya mwisho. Riwaya ile siipendi. Ruark alikuwa Mmarekani mwindaji, na Kenya iliyokuwa ikisogelea kujitawala aliitazama kwa jicho la wageni waliohofia kupoteza mashamba. Kwamba neno letu lilitoka kwenye jalada lake na kuvikwa mwanamke Mweusi mwenye cheo, kwenye daraja la chombo cha angani, ni ushindi ambao Ruark hakuukusudia.

Wako wataalamu wa lugha wanaonung'unika kwamba uhura si neno, kwamba Kiswahili hakitofautishi jike na dume kwa irabu. Kisarufi wana haki. Lakini jina la mtu si insha ya mtihani. Na tamthilia haikuishia kwenye jina: katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayejigeuza sura anamwendea Uhura kwa umbo la mwanamume Mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi kiitwacho The Changeling, mashine inamfuta kumbukumbu, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anakasirika na kubwatuka kwa Kiswahili. Yaani lugha iliyobaki chini kabisa ya akili yake ni hii yetu. Miaka minne baada ya kipindi kile cha kwanza, Desemba 12, 1970, neno lenyewe bila kulainishwa lilipaa kweli: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kwa astronomia ya miale ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru.

Hata hivyo jina la kwanza lilikuwa bado wazi, na mashabiki hawavumilii pengo. Katika hadithi walizojitungia wengine walimwita Penda, wengine Upenda. Penda ni jina la mtu. Upenda ni kitenzi kilichokosa njeo. Rotsler alipopewa kazi ya kuandika Star Trek II: Biographies, wasifu wa wahusika, alitafuta jina la Kiswahili, akalipata Nyota. Hakulichapisha kimyakimya. Alimuuliza Roddenberry, akaridhia. Akamuuliza Nichols, naye alifurahi alipoelezwa maana yake. Mwaka mmoja kabla, mwandishi wa riwaya Vonda McIntyre alikuwa amempa Sulu, mhusika mwingine wa tamthilia hiyo, jina la Hikaru kwa njia hiyohiyo, kitabuni, si kwenye skrini.

Studio zilichelewa. Hikaru lilisikika kwenye filamu mwaka 1991. Nyota lilisubiri hadi 2009, pale mhusika Kirk anapohangaika filamu nzima kulijua jina la Uhura na hatimaye kulisikia kinywani mwa mwenzao Spock. Walioingia sinema mwaka ule walidhani wamesikia jina jipya. Mashabiki walikuwa wamelitunza kwa miaka 27.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa walimu, watangazaji na wote wanaoandika juu ya safari za Kiswahili duniani. Mkimtaja Nichols kwa jina la Uhura, mtajeni na Rotsler kwa jina la Nyota. Alifariki mwaka 1997, miaka 12 kabla jina hilo halijatamkwa kwenye filamu.