Shajara ya kibofu iliyojazwa ndani ya feri

Jamani, nimekuwa kimya humu kwa majuma kadhaa, kazi ilinibana. Leo hakuna PHP, kuna historia kidogo, na inaanzia kwenye feri ya Likoni.

Ami yangu huamka usiku mara nne, tano kwenda haja ndogo. Daktari akampa karatasi: kwa siku 3 aandike kila anapokwenda msalani, saa ngapi, mkojo kiasi gani kwenye jagi la kupimia, na amekunywa nini. Siku ya kurudi hospitali tulivuka pamoja. Tukiwa twangoja kupanda akaniomba kalamu. Kufika ng'ambo, siku zote 3 zimejaa, tarakimu safi kabisa: 250, 300, 250. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Dawa itachaguliwa kwa nambari hizo.

Karatasi hizi zina historia. Mwaka 2002, ICS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa matatizo ya mkojo, ilitenganisha aina 3: jedwali la saa tu, jedwali la saa na kiasi, na shajara kamili yenye vinywaji, kuvuja na pedi.

Mwaka huohuo jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Arthur Stone na wenzake, Marekani. Si wa kibofu, ni wa maumivu sugu, lakini msomaji utamwona ami yangu humo. Watu 80 waliandika maumivu yao mara 3 kwa siku kwa wiki 3, nusu kwenye karatasi, nusu kwenye kifaa cha mkononi. Wa karatasi hawakujua kuwa jalada lina kidude kinachohisi mwanga na kunakili saa linapofunguliwa. Kwa tarehe na saa walizoandika wenyewe, walitimiza asilimia 90. Kwa kidude, asilimia 11! Wa kifaa cha mkononi walifikia 94.

Sisi wa database tunalijua hili: saa ya tukio na saa ya kuandikwa ni safu mbili. Karatasi ina moja.

Lakini saa pekee haitoshi. Hapa Kenya, jaribio la WelTel, lililochapishwa na The Lancet mwaka 2010, lilishika njia nyingine. Wagonjwa 538 walioanza ARV, kliniki 3 za Nairobi na Kajiado. Kundi moja lilipata SMS kila wiki, "Mambo?", wajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Mwenye shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiopata SMS. Neno la mgonjwa tena, utasema. Ndiyo, ila damu nayo ilipimwa: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57, dhidi ya 48.

Basi nami nikamuuliza ami, shida ni nini?

"Mwanangu, niende na jagi la mkojo sokoni Kongowea?"

Nimemwandikia kiprogramu cha simu chenye safu zote mbili. Jagi amekubali kulitumia nyumbani tu, magharibi hadi alfajiri. Daktari anataka kulinganisha mkojo wa usiku na wa siku nzima, kwa hiyo pengo lipo. Safari hii ataliona pengo lenyewe, si 250.