Matairi Yaliyopasuka Kilimanjaro: Ufundi wa Ndege na Uvamizi wa Mbarara, Septemba 1972

Uvamizi wa Uganda wa Septemba 1972 kwa kawaida huelezwa kwa lugha ya siasa: kupinduliwa kwa Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, hifadhi aliyopewa na Mwalimu Nyerere, na uhasama uliokua kati ya Dar es Salaam na Kampala. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaipa nafasi finyu mno ndege moja ya abiria iliyopasuka matairi. Waliolipia mkasa huo hawakuwamo ndani ya ndege. Wengi wao walikuwa Mbarara.

Mpango ulikuwa na pande mbili. Wapiganaji wa nchi kavu, zaidi ya 1,000, wangevuka mpaka kutoka Tanzania, kundi moja likielekea Masaka na jingine kambi ya kikosi cha Simba, Mbarara. Makomando wapatao 80 nao wangeshushwa Entebbe kwa DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyochukuliwa kwa siri Dar es Salaam ili iwapakie katika uwanja wa Kilimanjaro. Ndege ilifika Kilimanjaro. Ilipotua matairi yalipasuka, na safari ya Entebbe ikafia hapo.

DC-9 ina magurudumu sita tu: mawili ya mbele, na mawili kila upande chini ya mabawa. Tairi la ndege hujazwa upepo kwa shinikizo kubwa kuliko la lori, nalo hugusa lami likiwa halizunguki. Breki zikibana kabla gurudumu halijashika mwendo, mpira husagika na kupasuka kufumba na kufumbua. Kubadilisha tairi si kazi kubwa kwa fundi mwenye jeki na gurudumu la akiba. Lakini shirika hilo lilikuwa mali ya nchi tatu, Uganda ikiwa mojawapo, na makao yake ya ufundi yalikuwa Nairobi. Ndege ya wizi haiombi vipuri kwa mwenyewe. Hivyo hitilafu ambayo katika safari ya kawaida ingewachelewesha abiria tu, hapa ilifuta nusu ya vita.

Isidhaniwe kwamba tairi pekee ndilo lililoamua matokeo. Waasi walitegemea wananchi wainuke na askari waasi, hayo hayakutokea. Hata hivyo, makundi ya nchi kavu yaliingia Uganda tarehe 17 Septemba ilhali Entebbe ingali mikononi mwa Amin. Jeshi lake likapata nafasi ya kuelekeza nguvu kusini, na Libya ikamtumia askari kwa ndege. Yoweri Museveni, aliyekuwa katika msafara wa Mbarara, ameeleza kushindwa huko katika kumbukumbu zake za mwaka 1997.

Baada ya mapigano kilifuata kisasi. Basil Bataringaya, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Obote, aliuawa Mbarara. Kampala, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani tarehe 21 Septemba na hakuonekana tena. Ndege za Uganda zilishambulia Bukoba na Mwanza. Kati ya Mbarara na mpaka ilikuwepo tayari Nakivale, makazi ya wakimbizi wa Rwanda waliokuja kutafuta utulivu, na sasa walijikuta kwenye ukanda wa vita vya wengine. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba 1972 yaliyataka majeshi yarudi nyuma kutoka mpakani. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliendelea kuzihudumia nchi zote tatu hadi lilipovunjika mwaka 1977.