Yubile na Sauti za Bethel



Miezi hii yote ya mazoezi tumelitaja neno "yubile" kila Jumamosi. Kwa mujibu wa Walawi 25, yubile si sherehe ya miaka 50 tu, bali ni mwaka ambao mtumwa alirudi kwa jamaa yake akiwa huru. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbuka waimbaji wenzetu wa ng'ambo walioishi maana hiyo: Kanisa la Bethel, Philadelphia, Marekani.

Mwanzilishi wake, Richard Allen, alizaliwa mtumwa mwaka wa 1760, akafanya kazi za jasho mpaka akaununua uhuru wake. Alihubiri katika kanisa la Wamethodisti la St. George's, ambako weusi na weupe waliabudu pamoja. Lakini waumini weusi walipoongezeka, walitengewa viti vya pembeni, kisha vya roshani. Siku moja, watu wakiwa wamepiga magoti, wasimamizi walimshika Absalom Jones wamwinue kabla ya "Amina". Sala ilipokwisha, weusi wote wakatoka pamoja.

Allen alinunua banda kuukuu la mhunzi, likakokotwa na farasi hadi kwenye kiwanja chake, na mwaka wa 1794 likawekwa wakfu. Mwaka wa 1801 alikusanya kitabu cha nyimbo kwa ajili ya waumini wake. Mwaka wa 1816 akawa askofu wa kwanza wa madhehebu ya AME. Mkewe, Sarah, aliwahifadhi na kuwalisha watumwa waliotoroka.

Mtihani mkubwa ulikuja Januari 1817. Chama kipya kilitaka kuwahamishia Afrika weusi waliokuwa huru. Allen na rafiki yake James Forten, mtengenezaji wa matanga, waliona mpango huo una faida. Watu wapatao 3,000 walijaa Bethel. Walipoulizwa nani anaunga mkono, kimya. Nani anapinga? Forten alisimulia kwamba ilikuwa kana kwamba kuta zitaanguka kwa sauti hiyo. Waliazimia kwamba hawatajitenga kwa hiari na ndugu zao walio utumwani. Forten, aliyekuwa mwenyekiti, na katibu Russell Parrott wakatia sahihi.

Watu hao hawakuwa watumwa. Wangeweza kujiokoa wakanyamaza. Allen alifariki mwaka wa 1831, miaka 34 kabla ya utumwa kukomeshwa Marekani mwaka wa 1865. Mpaka leo Bethel inaabudu kwenye kiwanja kile kile.

Wapendwa, kwaya yetu ina soprano, alto, tena na besi, na tunajua hakuna sauti inayofurahia kuiacha nyingine nyuma. Tunapoimba leo, tumkumbuke na yule ambaye yubile yake bado haijafika.

Yubile njema, na Mungu awabariki nyote.