Silinda za Mirihi

Viumbe wa Mirihi waliobuniwa na H. G. Wells hawakuja duniani kwa roketi. Walifyatuliwa kwa mzinga. Riwaya yake, The War of the Worlds, ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Pearson's mwaka 1897 na ikawa kitabu mwaka 1898. Humo tunasoma jinsi wanafalaki walivyoona mwako juu ya Mirihi saa sita za usiku, usiku kumi mfululizo, na kila mwako ni kombora moja linaloanza safari. La kwanza linaangukia Horsell, nje kidogo ya mji wa Woking alikokuwa akiishi Wells mwenyewe. Limejichimbia mchangani, na wanaokwenda kulitazama wanakuta silinda ya chuma yenye kipenyo cha yadi 30 hivi, imeshikana ukoko kwa joto la safari, na mfuniko wake unazunguka polepole kwa sababu aliye ndani anaufungua. Chombo chote ndicho hicho. Hakina injini, hakina usukani, wala hakina njia ya kurudi kwao. Jamii yenye mwale wa joto unaoteketeza kikosi cha askari kwa dakika chache, yenye moshi mweusi unaoua vijiji, na yenye mashine za miguu mitatu zilizo ndefu kuliko nyumba, inavuka anga baina ya sayari kwa namna ileile risasi inavyovuka uwanja wa vita.

Mkanganyiko huo si uzembe wa mwandishi, maana Wells alisoma sayansi na aliijua vizuri. Unatufundisha jambo kuhusu historia nzima ya vyombo vya wageni wa kubuni. Hadithi ya Mirihi imesimuliwa upya mara kadhaa kwa zaidi ya miaka 100, na kila mara chombo kimebadilika. Dai langu ni kwamba hakikubadilika pale wanafalaki walipojua jambo jipya kuhusu sayari ile. Kilibadilika pale silaha za duniani zilipobadilika, na kila mara kilikaa hatua moja tu mbele ya silaha ambayo msomaji alikwisha kuisikia ikivuma.

Tuanze na mzinga wenyewe. Wells hakuubuni. Mwaka 1865 Jules Verne alikwisha kuwarusha watu watatu kuelekea mwezini kwa mzinga wa futi 900, sawa na mita 274 hivi, ambao katika riwaya yake ulisubiwa kwa chuma cha kuyeyusha ndani ya shimo lililochimbwa ardhini huko Florida. Wells naye anarejea mwanga ulioonekana Mirihi mwaka 1894, ambao jarida la Nature liliutaarifu kweli, na msimulizi wake anadhani huenda ulikuwa mwanga wa kusubu mzinga mkubwa ndani ya shimo. Yaani viumbe wenye akili kubwa kuliko zetu wana kiwanda cha kusubu chuma kama vile viwanda vya mizinga vya Krupp kule Essen, Ujerumani. Hesabu ndogo inaonyesha jinsi wazo hilo lilivyo gumu. Ili kitu kiondoke duniani kisirudi kinahitaji mwendo wa kilomita 11 kwa sekunde. Ukipata mwendo huo ndani ya mita 274, hata kama unaongezeka sawasawa kutoka mwanzo wa bomba hadi mdomoni, abiria atakandamizwa kwa nguvu inayozidi mara 20,000 ya uzito wake. Mirihi ina unafuu, kwa kuwa kilomita 5 kwa sekunde zinatosha, lakini ukitaka abiria asilemewe kwa zaidi ya mara kumi ya uzito wake wa duniani, bomba la mzinga litahitaji kuwa na urefu wa kilomita 120 na zaidi. Wells aliyapita hayo kimyakimya, na msomaji wake naye hakuuliza, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 kila mtu alijua kwamba mwenye nguvu ni yule ambaye kombora lake linafika mbali kuliko la mwenzake.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua hilo kwa macho yao. Agosti 27, 1896, chini ya mwaka mmoja kabla ya sura ya kwanza ya Wells kuchapwa, manowari za Waingereza zililipiga kwa mizinga kasri la Unguja alimokuwa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani. Kwa muda wa dakika 40 hivi watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, na meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa bandarini. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wells hakuitaja Unguja. Aliwataja Watasmania, walioangamizwa na walowezi, na akawaambia Waingereza waziwazi kwamba walichowatenda wale ndicho viumbe wa Mirihi wanachowatenda wao. Ila uwiano wa nguvu katika riwaya yake ndio huohuo wa bandarini Unguja, na silinda ya Mirihi ni kombora la manowari lililotiwa abiria.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa kusema kwamba asili ya hadithi hizi ni falaki, si vita. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Milano alichora mistari juu ya Mirihi, na mwaka 1895 Percival Lowell akatoa kitabu kilichodai kwamba mistari ile ni mifereji ya maji ya jamii inayokaukiwa. Bila hao Wells asingekuwa na sayari inayokufa ya kuwatolea wavamizi. Nakubali. Lakini falaki ilichompa ni anwani. Tazama kilichotokea anwani ilipofutwa. Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha 21 pamoja na kipande cha nyingine, zikionyesha ardhi ya mashimo kama mwezi na hewa nyembamba mno. Mifereji ikaishia hapo. Steven Spielberg alipoitengeneza upya hadithi hii mwaka 2005, hakuitaja Mirihi kama kwao wavamizi. Falaki iliwanyang'anya makazi, ila chombo chao kilikuwa kimekwisha kubadilika mapema, tena kwa sababu nyingine kabisa.

Mchezo wa redio wa Orson Welles wa Oktoba 30, 1938 unahitaji maneno machache tu, kwa sababu silinda ilibaki silinda. Ilihamishwa tu kutoka Horsell hadi Grover's Mill, New Jersey. Kilichokuwa kipya ni kasi, na taarifa za habari za kukatiza muziki, namna ambayo Wamarekani walikuwa wamezipokea habari za mgogoro wa Munich, Ulaya ilipokaribia kuingia vitani na Ujerumani, mwezi uliotangulia. Magazeti yalikuza mno hofu ya usiku ule, na wanahistoria leo wanayatilia shaka. Hata hivyo kitabu cha Hadley Cantril cha mwaka 1940 juu ya wasikilizaji walioingiwa na hofu kinaonyesha kwamba baadhi yao waliwaza Wajerumani kuliko Mirihi. Hilo nalipa uzito kuliko hadithi za watu kukimbia barabarani.

Badiliko kubwa lilikuja na filamu ya mwaka 1953 iliyotayarishwa na George Pal. Miguu mitatu haionekani tena. Mashine zimekuwa bapa, rangi ya shaba, zinaelea hewani na shingo yenye jicho inachungulia kutoka juu. Ni miaka sita tangu Juni 1947, Kenneth Arnold aliposema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier na magazeti yakaijaza nchi habari za visahani vya angani. Lakini mambo hasa yako kwenye tukio la bomu. Jeshi linaleta bomu la atomiki, na ndege inayolidondosha ni ya kweli, ile ya Northrop iliyo bawa tupu lisilo na mkia, picha zake zikiwa zimechukuliwa kutoka filamu za majaribio yake. Bomu linalipuka, wingu linapanda, na mashine zinatoka ndani ya moshi zikiwa zimefunikwa na kuba la nguvu lisiloonekana, hazina hata mkwaruzo. Wells hakuwapa viumbe wake kinga ya namna hiyo. Katika kitabu chake kombora la mzinga linaiangusha mashine moja kwenye mto Thames. Kinga ikawa ya lazima pale Wamarekani walipokuwa na silaha inayoteketeza kila kitu, na Wasovieti, tangu Agosti 1949, wakawa nayo pia.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba nimeugeuza mkondo, kwa kuwa hadithi ndizo zilizoizaa teknolojia. Robert Goddard aliisoma riwaya ya Wells mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka 16, na mwaka 1932 alimwandikia Wells barua kumweleza jinsi ilivyomgusa. Machi 16, 1926, huko Auburn, Massachusetts, akarusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika, iliyopanda mita 12 hivi. Ushahidi huo ni wa kweli, ila uangaliwe vizuri. Goddard alichukua shauku, akauacha mzinga. Roketi ilitokana na hesabu, zikiwemo zile Konstantin Tsiolkovsky alizochapisha Urusi mwaka 1903, ambazo Wells hakuwa na mchango wowote ndani yake. Roketi ilipotaka kuingia kwenye hadithi, ilipitia kwa wahandisi: kwa filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu safari ya mwezini, Fritz Lang alimwajiri Hermann Oberth awe mshauri wa chombo. Hadithi huwapa vijana hamu ya kusoma uhandisi, na uhandisi hulipa kwa michoro.

Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke, ya mwaka 1973, inanilazimu nilegeze kidogo. Rama ni silinda pia, ila ina urefu wa kilomita 50 na upana wa kilomita 20, inazunguka ili walio ndani wapate uzito, na haina silaha. Inapita karibu na jua na kwenda zake bila kuwajali binadamu. Hapa kanuni ya silaha haifanyi kazi. Kanuni ya hatua moja mbele inasimama hata hivyo. Mwaka mmoja kabla, Machi 1972, Marekani ilirusha Pioneer 10, chombo kilichokuwa kiipite sayari ya Sumbula na kutoka kabisa katika mfumo wa jua, bila kusimama popote. Kwa mara ya kwanza sisi wenyewe tulikuwa na chombo cha kupita na kutoka kabisa katika mfumo wa jua, na mara moja wageni wa kubuni nao wakapata chao. Baada ya hapo vita vilirudi. Katika filamu ya mwaka 2005 mashine hazifiki kutoka juu: zimefukiwa chini ya barabara za mji tangu zamani, zinangoja, na mtoto anauliza kama wanaoshambulia ni magaidi.

Mfano wa mwisho hautoki kwenye riwaya. Oktoba 2017 darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii iligundua kitu kutoka nje ya mfumo wetu wa jua, kikapewa jina 'Oumuamua, na kikaonekana kuongeza mwendo kidogo bila mkia wa gesi. Mwaka uliofuata Shmuel Bialy na Avi Loeb wa Harvard waliandika kwamba huenda ni tanga jembamba linalosukumwa na mwanga, labda la kutengenezwa. Loeb alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ushauri ya Breakthrough Starshot, mradi uliotangazwa mwaka 2016 wa kupeleka kwenye nyota za jirani matanga membamba yanayosukumwa na mwanga wa leza. Anayemtetea atasema mtu hutambua tu kitu anachokijua, na kwamba ujuzi wa matanga ndio uliomwezesha kuona. Inawezekana, lakini utetezi huo ungemfaa pia mtu wa mwaka 1894 aliyeona mwanga juu ya Mirihi na kuwaza kiwanda cha kusubu mizinga. Mwaka 2023 Jennifer Bergner na Darryl Seligman walieleza mwendo uleule kwa hidrojeni iliyonaswa ndani ya barafu na kutoka barafu ilipopashwa moto na jua, na ushahidi wao ulitegemea majaribio ya maabara yaliyofanywa miaka mingi kabla mtu yeyote hajalisikia jina 'Oumuamua.